Nani amhudumie maskini, kanisa au serikali? Watu wa Tanga na Bagamoyo njooni tuongee

mkonge_wa_pongwe (mleta mada)

Wakuu salaam. Naweka msimamo wangu juu kabisa ili anayetaka kupinga asihangaike kunitafuta huko chini: chakula, dawa na shule ya mtoto wa maskini ni deni la serikali. Sio hisani, ni deni. Kanisa lina kazi yake kubwa kwa maskini na nitaisema, lakini ukiliachia kanisa (au msikiti) mzigo wote maana yake umemwacha maskini ategemee bahati ya kuishi jirani na watu wenye huruma.

Nimeandika hivi kwasababu Jumapili hii tukiwa tunasubiri mnada wa mazao nje ya kanisa ulizuka ubishi mkubwa. Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu sana na amenilea kiimani, alisema serikali ibaki na barabara zake na polisi wake, maskini ni wa kanisa, imeandikwa. Mama mmoja akamjibu palepale, baba mimi nakatwa kodi kila nikiweka vocha na kila nikitoa hela kwenye simu, hiyo kodi inaenda wapi kama jirani yangu analala njaa? Watu wakagawanyika pande mbili.

Na kweli imeandikwa. Mathayo 25 iko wazi, nalikuwa na njaa mkanipa chakula. Yakobo 1:27 iko wazi, yatima na wajane. Sibishani na Maandiko hata kidogo. Ila wanaoishia hapo huwa hawafiki Zaburi ya 72, pale ambapo anaombewa mfalme kwamba awaokoe wahitaji na amsete (yaani amponde) anayewaonea. Anayeombewa pale ni mtawala, mwenye hazina na mwenye askari, sio shemasi. Na Walawi 19 mwenye shamba anakatazwa kuvuna mpaka pembeni kabisa, masazo ni ya maskini na mgeni, na ile ilikuwa sheria ya nchi, mtu hakuulizwa kama leo ana moyo wa kutoa au hana.

Sasa tuje kwetu. Kuna bibi mmoja Mikanjuni, jina nalihifadhi, ana kisukari na presha na analea wajukuu wawili ambao mama yao alishafariki. Akina mama wa jumuiya wanamjua kuliko ndugu zake wanavyomjua. Wanapokezana kwenda kumfulia, wanambadilishia bandeji ya kidonda cha mguu, wanampelekea unga, sabuni ya mche, mafuta ya kupima kwenye chupa ya maji. Mmoja wao alikuwa anakaa naye jioni anamsomea Zaburi maana macho ya bibi yameshaanza kuondoka. Nawaambieni ukweli hakuna mtumishi wa ofisi yoyote atakayemfanyia bibi yule vile, na hata ukimlipa mshahara mkubwa hawezi.

Lakini dawa za kisukari ni za kila mwezi mpaka mtu aingie kaburini. Tulipotangaza mchango kanisani mara ya kwanza hela ilikuja nyingi, watu walilia kabisa. Mwezi uliofuata ikapungua. Uliofuata kulikuwa na harusi mbili na msiba wa mzee mkubwa wa usharika, lile daftari la michango ya bibi likarudi kwa katibu majina yameandikwa na pembeni hakuna kitu. Hakuna aliyekuwa mbaya pale. Ndivyo michango ilivyo, inafuata moyo, na moyo wa mtu unachoka, na sukari ya bibi haichoki kupanda.

Na ukienda upande wa serikali nako ni yale yale kwa njia nyingine. Bibi ana zaidi ya miaka 60 na hana uwezo, kwa sera ya afya ya nchi hii anatakiwa atibiwe bila malipo. Akaenda na barua, akamuona daktari bure kweli, dirishani akaambiwa dawa hakuna kanunue duka la nje. Sasa msamaha gani huo. TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, hayumo, kwa sababu siku ya mkutano wa mtaa wa kutambua kaya maskini alikuwa amelazwa na hakuna aliyesimama kulitaja jina lake.

Hapo ndo inaponiuma. Kanisa zima linamjua bibi, lina watu wenye sauti, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa kwenye ule mkutano.

Karibuni mjadala, naomba tusitukanane dini.

---

abuu_ngamiani

Assalaam alaykum nyote. Mleta mada Allah akujaalie kheri kwa kumfikiria huyo bibi. Mimi ni Muislamu wa hapa Ngamiani naomba nichangie kwa upande wetu, maana kwetu hilo swali halijakaa hivyo mnavyolikata nyie vipande viwili.

Zaka ni nguzo ya tatu ya Uislamu. Mali ikifika nisabu (kile kiwango cha chini kilichowekwa) na ikapitiwa na mwaka unatoa 2.5%, utake usitake, ni haki ya maskini ndani ya mali yako, sio yako tena. Sura At-Tawba aya ya 60 imetaja makundi 8 wanaostahiki, mafukara na maskini wakiwa mwanzo kabisa, na kundi mojawapo ni wale wanaoitumikia, yaani wakusanyaji. Sasa jiulize, kama ilikuwa ni jambo la mtu na moyo wake wakusanyaji wa nini? Baada ya Mtume (S.A.W) kufariki, kuna makabila yalisema swala tutaswali lakini zaka hatuleti Madina, na khalifa wa kwanza Abu Bakr (R.A) aliwapiga vita. Alisema hatenganishi swala na zaka. Kwa iyo kwetu dola ndiyo iliyokuwa inachukua kwa tajiri na kurudisha kwa fukara.

Sasa angalia leo. Kila tajiri anagawa mwenyewe. Ramadhani ikifika unaona foleni ya akina mama mbele ya geti toka alfajiri, jua linawapiga, mtoto mgongoni, afu mtu anapewa buku mbili na wengine wanarudi mikono mitupu kwa sababu zimeisha. Kuna mwaka nimemuona mama wa watu, mtu mzima kabisa anayenizaa, amevuta baibui usoni asijulikane. Na wale wanaoona haya zaidi, ambao ndo maskini wa kweli, hawaji kabisa. Quran yenyewe imewasifu mafukara wasioomba watu kwa kung'ang'ania, asiyejua anawadhani matajiri kwa vile wanavyojizuia. Ukigawa getini hao huwapati milele.

Kwahiyo mimi nakubaliana na wewe kwamba ni haki na sio hisani, ila nasema na sisi wa misikitini hatujajipanga, kila mtaa ungekuwa na daftari lake.

---

Mshale_Muheza

Mleta mada mimi napinga na nitapinga kwa nguvu zote. Serikali gani unayoisema wewe? Hiyohiyo ambayo mkutano wa TASAF unakuta walioandikwa ni shemeji wa mwenyekiti na jirani wa mjumbe, kaya yenye bati jipya imo na ya makuti haimo? Ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, 4 wanawake 4 vijana 2 walemavu, si ilibidi isimamishwe 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho hayarudi mpaka wakatafuta utaratibu mwingine? Ukiwapa hao hela ya maskini umempa fisi bucha alinde.

Kanisa linamjua mtu kwa jina. Mimi nimezaliwa Muheza, bibi zangu wote wamezalia Teule. Nani aliyeleta hospitali pale, ni serikali? Ni wamisionari wa UMCA, wale Waanglikana wa Uingereza, walianzia kule Magila karne ya 19, wakati hakuna serikali yoyote inayomfikiria Mbondei wala Msambaa. Shule walianzisha wao, zahanati wao, wengine walikufa kwa malaria makaburi yao yapo. Mpe kanisa hela na nafasi uone. Serikali ipunguze kodi watu wabaki na hela watoe sadaka ya kutosha, kwisha habari.

---

mkonge_wa_pongwe

@Mshale_Muheza kaka nimekusoma vizuri na uchungu wako naujua, hao wenye bati jipya kwenye orodha hata mimi nawafahamu. Lakini mfano wako wa Teule ndio unaoniunga mkono mimi.

Neno teule pale lina maana gani? Ni hospitali ya kanisa iliyoteuliwa na serikali ifanye kazi ya hospitali ya wilaya. Majengo ya Anglikana, madaktari na manesi mishahara kwa sehemu kubwa ikawa inatoka hazina, na dawa ruzuku ya serikali. Kwanini kanisa lilikubali? Kwa sababu kanisa peke yake halikuweza kulipa mishahara ya hospitali nzima ya wilaya. Na sio Muheza tu, nchi nzima ndivyo ilivyokuwa, mpaka mwaka 1992 makanisa kupitia CCT (jumuiya ya makanisa ya Kiprotestanti) na Baraza la Maaskofu Katoliki wakasaini makubaliano na serikali kuhusu huduma za afya na elimu, ikaundwa ile CSSC, tume ya makanisa ya huduma za jamii. Makubaliano yale yameleta manung'uniko kwa ndugu zetu Waislamu na naona wana hoja ya kusikilizwa, ila leo nayataja kwa jambo moja tu: maaskofu wenyewe walijua kwamba sadaka haiendeshi hospitali.

Na hilo la upendeleo. Soma Matendo sura ya 6. Kanisa la kwanza kabisa, mitume wenyewe wapo hai, wanagawa chakula kila siku, na bado wajane wa upande wa Wayahudi wa Kiyunani wakawa wanasahaulika kwenye mgao. Mitume hawakusema acheni kulalamika mwombeni Mungu. Walisema chagueni watu saba wenye sifa njema, na ukiyaangalia majina ya wale saba, Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, yote ni ya Kiyunani. Yaani kazi ya kugawa ilipewa watu wa upande ule uliokuwa unapunjwa. Huo ndio utawala bora ninaoutaka mimi kwenye orodha ya mtaa.

Paulo naye anamwambia Timotheo mjane asiandikwe mpaka awe na miaka 60. Kulikuwa na orodha, kulikuwa na umri, kulikuwa na vigezo. Na 60 ndio umri huohuo wa mzee kwenye Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003. Watu wanadhani utaratibu ni kitu cha serikali na upendo ni kitu cha kanisa, sio kweli.

Tofauti kubwa ninayoiona ni hii. Serikali ikimruka bibi ana pa kwenda kudai, diwani ana uchaguzi, mkurugenzi ana mkuu wa wilaya, kuna mbunge, kuna gazeti. Kanisa likimruka ataenda kudai wapi? Sadaka ni yangu, nikiamua mwezi huu nanunua kwaya sare, bibi hana kesi.

---

nuru_ya_asubuhi

Nimefanya kazi za jamii miaka kadhaa kwenye mitaa ya hapa Tanga mjini, naomba niweke sawa hili la TASAF maana watu wanaongea kwa hasira bila kujua linavyokwenda.

Mpango wa kunusuru kaya maskini haumwandiki mtu kwa mwenyekiti kupenda tu. Kwanza mkutano wa mtaa unakaa, wananchi wenyewe wanataja kaya ambazo ni maskini sana, pale hadharani. Afu zile kaya zinajaziwa dodoso nyumbani, wanauliza nyumba imejengwa na nini, mnapika kwa nini, mnakula milo mingapi, watoto wanasoma, kuna mlemavu. Dodoso linaenda kuchakatwa na kompyuta ndio linatoa nani amefikia kigezo. Majina yanarudi tena kwenye mkutano wayasikie. Malipo huwa kwa mizunguko ya miezi miwili, na kaya yenye watoto inatakiwa watoto wahudhurie shule na wadogo wapelekwe kliniki.

Shida iko pale mwanzo. Wanaokuja mkutanoni ni wale wenye nafasi na wenye mdomo. Mgonjwa haji. Kipofu haji kama hana wa kumshika mkono. Mama anayeuza samaki Deep Sea saa hizo anasubiri ngalawa. Na asiyetajwa siku ile dodoso halimfikii, hata kompyuta iwe nzuri kiasi gani haiwezi kumwona mtu ambaye jina lake halikuingia. Nimeshashuhudia mkutano umeisha, watu wameondoka na viti vinabebwa, anakuja mtoto wa kama miaka kumi anasema bibi amenituma niulize kama ameandikwa. Sikulala vizuri usiku ule.

Kwahiyo mleta mada yuko sahihi kabisa kwenye hiyo sentensi yake ya kanisa zima kutokuwepo mkutanoni. Wachungaji, mashehe, makatekista, tangazo la mkutano wa mtaa litangazwe pale baada ya ibada kama mnavyotangaza harusi, na wateuliwe watu wawili watatu waende na majina ya wagonjwa.

---

Mshale_Muheza

Dada @nuru_ya_asubuhi asante kwa maelezo, hilo la hatua sikulijua lote. Lakini bado mtu akipenda kuchakachua anachakachua.

---

dunda_bgy

Salaam kutoka Bagamoyo. Mimi natembeza wageni hapa misheni ya zamani kwahiyo historia hii naisema karibu kila siku. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapa 1868. Walikuwa wananunua watumwa, wengi watoto, kutoka masoko ya watumwa na kuwaleta hapa, wakajenga kijiji cha watu walioachiwa huru. Kanisa la kwanza la 1872 mnara wake upo mpaka leo, ndipo mwili wa Livingstone ulipolala Februari 1874 baada ya watumishi wake akina Chuma na Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka huko bara. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema kanisa lisijihusishe na maskini naumia, maana huu mji una watu ambao damu zao zipo hai kwasababu padri alitoa hela mfukoni akamlipa mfanyabiashara.

---

mkonge_wa_pongwe

@dunda_bgy ubarikiwe sana, umenipa mahali pazuri pa kusimamia na naomba nikae hapo kidogo.

Wale mapadre walifanya kitu ambacho serikali yoyote ya wakati ule haikufanya. Nakubali bila masharti. Mtoto aliyenunuliwa na kulazwa kwenye mkeka wake usiku ule, kwake yeye ile ndio ilikuwa dunia nzima. Lakini jiulize walinunua wangapi na walioendelea kupita pale pwani kwenda Unguja ni wangapi. Padri alikuwa anamnunua mmoja, msafara mwingine unashuka na mamia. Hela ya sadaka kutoka Ulaya haikuweza kuwamaliza hata kama waumini wote wangeuza nguo zao.

Soko la Unguja lilifungwa Juni 1873, na lilifungwa kwa mkataba, Sultan Barghash ametia saini baada ya kubanwa na Waingereza. Unguja utumwa ukafutwa kisheria 1897. Huku kwetu Tanganyika ilibidi kusubiri sheria ya 1922. Kilichomaliza kitu ni sheria yenye nguvu ya dola nyuma yake. Na nani aliyeisukuma hiyo dola? Kwa sehemu kubwa ni watu wa imani haohao, walioona kwa macho wakaandika, wakahubiri, wakapiga kelele kule kwao mpaka wanasiasa wakakosa pa kujificha. Wangeishia kununua mmoja mmoja na kuridhika, biashara ingeendelea miaka mingi zaidi. Hiyo ndio kazi ya kanisa ninayoitaka Tanga leo: funga kidonda cha bibi, na asubuhi yake nenda mtaani na halmashauri ukaulize kwanini dawa hakuna dirishani.

Na kuna upande mwingine wa kijiji kile inabidi tuuseme kwa heshima. Walioachiwa huru walibatizwa, walifanya kazi kwenye mashamba ya misheni, walioana na kuishi kwa taratibu za mapadre. Sisemi ilikuwa nia mbaya. Nasema msaada wa mtu binafsi au wa dini una kawaida ya kuja na masharti ya mtoaji, na mwenye njaa hawezi kujadiliana. Jirani yangu Muislamu akiugua sitaki apite mlango wa kanisa langu kutafuta insulini huku anajiuliza tutamtaka nini.

Jambo moja lingine linaniuma kila nikilikumbuka. Mwaka 1889 bunge la Ujerumani chini ya Bismarck lilipitisha sheria ya pensheni ya uzeeni kwa wafanyakazi wao, waliofika miaka 70. Sheria, sio sadaka. Mwaka huohuo, Desemba, Wajerumani haohao walimnyonga Abushiri pale Pangani kwa kuongoza watu wa pwani kupinga utawala wao. Walijua kabisa serikali inawezaje kumtunza mzee. Hawakutaka iwe kwa wazee wetu. Watu wakaingizwa kwenye mashamba ya mkonge, na mzee akichoka kukata mkonge anarudi kwao na panga lake. Tumeurithi huo mtazamo kwamba mzee wa kijijini ni shauri ya ndugu zake na Mungu.

---

aisha_hamburg

Niko huku Ujerumani mwaka wa ngapi sijui, kwetu Chumbageni. Nachangia kidogo tu. Huku ukiwa muumini uliyeandikishwa Mkatoliki au Mlutheri kodi ya kanisa inakatwa kwenye mshahara na serikali ndiyo inakusanya, ni asilimia 8 au 9 ya ile kodi yako ya mapato kulingana na jimbo. Na mashirika makubwa ya huduma ni ya makanisa, Caritas ya Wakatoliki na Diakonie ya Waprotestanti, wana hospitali, nyumba za wazee, chekechea. Lakini ukiuliza hela ya kumlea mzee inatoka wapi, sehemu kubwa ni bima ya lazima na serikali, sio ile kodi ya kanisa. Kanisa linafanya kazi, sheria inalipa. Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba mojawapo, mzee akiishiwa hela yake ofisi ya ustawi inachukua, hakuna anayemtoa chumbani, na hakuna anayetangaza jina lake madhabahuni. Nikimkumbuka bibi yangu aliyefia Duga nachoka.

---

Mshale_Muheza

Sasa hapo ndo mnanichekesha na Ujerumani yenu, ile nchi ina viwanda. Sisi hela itatoka wapi? Mleta mada jibu hilo.

---

mkonge_wa_pongwe

Swali la haki kabisa kaka. Sikujibu na Ujerumani, nakujibu na hapo ng'ambo. Zanzibar toka Aprili 2016 wanalipa pensheni kwa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, walianza na elfu 20 kwa mwezi, aliyekuwa mwalimu na aliyekuwa mvuvi wote wanapata, na hukatwi jina kwa sababu mtoto wako ana duka. Pemba ni meli tu kutoka hapa bandarini. Mzee wa Wete anapata na mzee wa Sahare hapati, wote wamevua bahari moja. Zanzibar nayo sio nchi tajiri. Waliamua.

Hata bara tukiamua tunaweza. 2016 ada za sekondari zilifutwa mpaka kidato cha nne, na pamoja na madarasa kujaa mpaka watoto wanakaa chini, kuna watoto mtaani kwetu wamesoma ambao kaka zao hawakusoma. Hakuna kanisa wala msikiti ungeweza kufanya vile hata ungefunga na kuomba. TASAF yenyewe na kasoro zake zote imefika zaidi ya kaya milioni 1. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023 na ndani yake imo habari ya kuwagharamia wasio na uwezo. Hapo ndipo ningependa maaskofu na mashehe waweke uzito wao, siku ile ile wanayokaribishwa kuombea shughuli za serikali waulize, hawa wasio na uwezo mmeshawaandika wangapi na nani amewaandika?

Nyerere alikwenda kuongea na masista wa Maryknoll kule Marekani 1970, Mkatoliki anaongea na Wakatoliki, akawaambia umaskini wenyewe sio tatizo kubwa la dunia ya leo kwa sababu ujuzi na mali ya kuumaliza ipo, tatizo ni watu kugawanyika kuwa matajiri na maskini. Na akawataka kanisa wasiishie kuhudumia tu, washiriki kuubadilisha mfumo unaowafanya watu wawe maskini. Miaka imepita mingi na sisi bado tunabishana kwenye mnada nani anunue unga.

Usinielewe vibaya, unga ununuliwe. Bibi anakula leo, hawezi kusubiri bajeti ya Juni. Ila kanisa likishanunua unga miezi yote hiyo bila kumpeleka bibi kwenye orodha, linakuwa limeisaidia serikali kusahau.

---

abuu_ngamiani

Hiyo sentensi ya mwisho nimeielewa vizuri sana kaka. Sisi msikitini kwetu Ijumaa hii naomba nafasi kwa imamu baada ya swala tuongee hili la kuandika wagonjwa wa mtaa, na tusiandike Waislamu peke yao. Kama mna daftari la jumuiya zenu za Makorora na Mikanjuni tulinganishe majina, maana nina hakika kuna watu hawapo kwenu wala kwetu. Na pale makazi ya wazee Mwanzange, yale ni ya serikali, ila wazee wa pale wanahitaji watu wa kuongea nao, nadhani tunaweza kupokezana siku.

---

mkonge_wa_pongwe

@abuu_ngamiani nimekuandikia pm kaka. Daftari letu linaletwa.

---

Mshale_Muheza

Mimi msimamo wangu wa serikali kutoaminika haujabadilika, ila kuhusu kwenda mkutanoni na majina nipo. Nitamwambia mchungaji wetu.

---

mama_wawili_duga

Samahanini naingilia, nimesoma uzi wote. Baba yangu ana miaka 67, tupo Duga, hana pensheni, ana presha na tezi dume, kila tukienda tunalipa. Hiyo barua ya msamaha inaanzia wapi? Na lazima awe kanisani? Sisi hatusali sana.

---

nuru_ya_asubuhi

Mama shikamoo. Hapana, kanisa halihusiki kabisa, ni haki yake kama mzee. Anzia kwa mjumbe au balozi wenu, muende naye kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, awaandikie barua kwamba baba ana miaka 60 na zaidi na hana uwezo. Beba kitambulisho chake cha taifa au cha mpiga kura, kama hana hata kadi ya kliniki ya zamani yenye mwaka wa kuzaliwa. Ukifika hospitali usiende dirisha la malipo kwanza, uliza ofisi ya ustawi wa jamii, kila hospitali ya rufaa ya mkoa inayo, pale ndipo wanapopitisha msamaha. Ulizia pia dirisha la wazee asikae foleni ndefu. Wakikwambia dawa hakuna, omba waandike kwenye cheti kwamba haikupatikana, usiondoke na maneno ya mdomo, hiyo karatasi ndiyo tutakayoenda nayo kwa mganga mfawidhi. Nitumie pm mtaa wenu hasa ni upi, nina mtu hapo Duga anaweza kwenda nanyi kesho kutwa asubuhi.